Urani ya Shinkolobwe na hoja ya kumaliza vita kwa bomu

Kila mwezi wa Agosti, redio zinapotaja Hiroshima na Nagasaki, mjadala uleule hufufuka: je, ilikuwa halali kutumia bomu la atomiki ili kumaliza vita vya 40–45? Wanaojibu huwa ni Wamarekani na Wajapani, na sisi wa huku husikiliza kama wapita njia waliokuta ugomvi wa majirani. Lakini ugomvi huu ni wetu pia. Takriban theluthi mbili ya urani iliyotumika katika mradi wa mabomu yale ilitoka Katanga, katika mgodi wa Shinkolobwe, kilomita zipatazo 20 magharibi ya Likasi. Shehena za kwanza zilisafirishwa kwa treni kupitia Kolwezi na Kasaji, kwenye reli inayopita kusini ya Sandoa kuelekea Dilolo na bandari ya Lobito. Watu ambao mali ya ardhi yao ilitumika kuua wana haki ya kusema katika kesi hii. Ninachosema ni kwamba hoja ya kuhalalisha bomu kwa sababu lilimaliza vita haisimami. Kosa lake kubwa si la tarehe wala la mbinu za kijeshi. Ni hesabu ya maisha ya watu iliyofanywa baada ya baadhi ya watu kuondolewa kwenye hesabu, na waliondolewa katika ncha zote mbili za safari ya madini yale: kule mgodini, na kule bomu lilikoangukia.

Tuanze mgodini. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp, mtafutaji madini wa Union Minière du Haut-Katanga, alikuta pale Shinkolobwe mawe yenye rangi kali, manjano na kijani, yaliyokuwa na urani. Kampuni ilianza kuchimba mwaka 1921. Haja yao wakati huo haikuwa urani, ambayo haikuwa na soko kubwa, bali radiamu iliyomo ndani yake, ambayo madaktari waliitumia kutibu saratani. Mawe yalipelekwa Olen, Ubelgiji, kusafishwa. Soko lilipodorora baada ya Kanada kupata machimbo yake, Shinkolobwe ilifungwa mwaka 1937 na maji yakaachwa yajae ndani. Hata hivyo utajiri wake haukuwa na mfano duniani. Madini yaliyokuwa yamekwisha kuchaguliwa kwa mikono na kurundikwa yalikuwa na urani kwa wastani wa asilimia 65, wakati yale ya Colorado, Marekani, hayakufika hata asilimia moja. Bila Katanga, bomu lingeweza kutengenezwa siku moja, lakini ni vigumu kuona lingekuwa tayari mwaka 1945.

Wakubwa wa dunia walilijua jambo hilo mapema. Barua ambayo Albert Einstein alimwandikia Rais Roosevelt tarehe 2 Agosti 1939, akimwonya kuhusu uwezekano wa bomu la aina mpya, ilisema wazi kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani ni Kongo ya Wabelgiji. Miezi michache kabla, Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alikuwa amekwisha kuonywa mjini London na Paris kwamba madini yake yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Sengier alihamia New York, na mwaka 1940 akaamuru zaidi ya tani 1,100 zipakiwe Lobito na kuvushwa bahari. Zilikaa katika ghala la Staten Island, huko New York, ndani ya mapipa ya chuma zaidi ya 2,000 yaliyoandikwa kwamba ni madini ya urani, zao la Kongo ya Wabelgiji. Tarehe 18 Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani aliingia ofisini kwa Sengier. Kwa muda wa nusu saa hivi walikubaliana, makubaliano yakaandikwa kwenye karatasi ya manjano ya kuandikia rasimu, na mali yote ikawa ya Marekani. Kisha wahandisi wa jeshi la Marekani walisaidia kuufungua mgodi upya, na tarehe 26 Septemba 1944 Ubelgiji, Uingereza na Marekani zilitia sahihi mkataba wa urani ya Kongo. Ubelgiji ilijiwekea humo haki ya kufaidika na nguvu hiyo baadaye kwa matumizi ya biashara. Hakuna Mkongomani hata mmoja aliyeketi mezani, wala aliyeambiwa kwamba meza hiyo ipo.

Siri hiyo iliwakuta watu ambao tayari walikuwa wamebanwa. Kampuni ilikuwa imezoea kuleta vijana kutoka mbali, Lomami, Kasai, Lulua na hata Ruanda-Urundi, wakaishi katika kambi zake kwa amri zake. Vita vilipoanza, jitihada ya vita ikaongeza mzigo: vijijini siku za kazi ya lazima zilipandishwa mpaka 120 kwa mwaka, watu wakatumwa kutafuta mpira wa porini na kulima mazao waliyopangiwa. Disemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma, Likasi na Lubumbashi, wakidai nyongeza ya mshahara kwa sababu bei zilipanda huku mishahara ikibaki palepale. Mjini Lubumbashi, iliyoitwa wakati huo Elisabethville, walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wa Force Publique, jeshi la koloni, wakawamiminia risasi. Makumi walikufa, akiwemo Léonard Mpoyi, mmoja wa viongozi wao. Madai yale hayakuhusu urani, ni kweli. Lakini yanaonyesha ni mfumo gani uliopewa kazi ya kuchimba urani miaka miwili au mitatu baadaye: mfumo uliokwisha kuonyesha kwamba mchimbaji akifungua mdomo anajibiwa kwa bunduki.

Hatari ya kazi yenyewe pia haikuwa jambo geni kwa wenye elimu. Urani hutoa gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo mtu huivuta pamoja na vumbi na ikaumiza mapafu polepole kwa miaka. Mwaka 1879 waganga wa Ujerumani waliandika kwamba wachimbaji wa Schneeberg walikuwa wakifa kwa wingi kwa saratani ya mapafu, na katika miaka ya 1920 ugonjwa huo ulikubaliwa kule kuwa ugonjwa wa kazi. Kwa hiyo mwaka 1944, mtu aliyesimama Shinkolobwe akichambua mawe kwa mikono, akitenga zito na jepesi, jeusi na la manjano, alikuwa anafanya kazi ambayo madhara yake yalijulikana Ulaya kwa zaidi ya miaka 60. Yeye tu ndiye ambaye hakuambiwa.

Sasa twende upande wa pili, na tuwape wanaotetea bomu nafasi yao kamili, kwa sababu hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema Japani haikutaka kusalimu amri. Katika vita vya Okinawa, kuanzia Aprili mpaka Juni 1945, Wamarekani zaidi ya 12,000 walikufa, na upande wa Japani askari wapatao 100,000 pamoja na raia wengi mno wa kisiwa kile. Uvamizi wa kisiwa cha Kyushu ulipangwa kuanza tarehe 1 Novemba. Henry Stimson, aliyekuwa waziri wa vita wa Marekani, aliandika mwaka 1947 kwamba uvamizi ungeweza kugharimu jeshi lao zaidi ya watu milioni moja kwa kuhesabu waliokufa na majeruhi. Tena wanaongeza jambo ambalo watu wa Afrika hatuna ruhusa ya kulipuuza: kila wiki vita vilipoendelea, Wachina, Waindonesia, Wavietnamu na wafungwa waliendelea kufa chini ya utawala wa kijeshi wa Japani. Askari wetu pia walikuwa humo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipigana Burma katika bonde la Kabaw, na kikosi cha hospitali kutoka Kongo kilihudumia majeruhi kule Burma. Mama aliyekuwa akimngoja mwanawe arudi alikuwa na kila sababu ya kutaka vita viishe kesho.

Naikubali sehemu hiyo yote. Vita vile vilipaswa kuisha upesi, na anayehesabu wafu wa Hiroshima bila kuhesabu wafu wa China anafanya kosa lilelile ninalolilaumu. Ila hoja hiyo inathibitisha kwamba vita vilihitaji kuisha. Haithibitishi kwamba njia pekee ilikuwa kuuchoma mji wenye watu, bila onyo la wazi kuhusu silaha hiyo, na siku tatu baadaye kuuchoma mwingine. Na hapa ndipo nyaraka za wakati ule zinapoibana. Njia nyingine zilikuwepo juu ya meza, na waliokuwepo walizijua.

Kwanza, Umoja wa Kisovieti. Katika mkutano wa Yalta, Februari 1945, Stalin aliahidi kuingia vitani dhidi ya Japani miezi miwili au mitatu baada ya Ujerumani kushindwa. Ujerumani ilisalimu amri tarehe 8 Mei, na tarehe 8 Agosti Wasovieti walitangaza vita, usiku huohuo wakavamia Manchuria kwa jeshi la watu zaidi ya milioni moja. Marekani ilijua pigo hilo linakuja, na haikulingoja. Pili, suala la mfalme. Washington ilikuwa inasoma simu za siri za Japani, na ilijua kwamba mwezi Julai waziri wa mambo ya nje wa Japani, aliyeitwa Togo, alikuwa akimwagiza balozi wake aliyeko Moscow atafute upatanishi, huku kikwazo kikubwa kikiwa sharti la kusalimu amri bila masharti yoyote. Rasimu ya tangazo la Potsdam ilikuwa na maneno ya kuwaachia Wajapani uwezekano wa kubaki na ufalme wao. Maneno hayo yaliondolewa kabla tangazo halijatolewa tarehe 26 Julai. Kisha, baada ya miji miwili kuteketea, mfalme Hirohito aliachwa katika kiti chake mpaka alipokufa mwaka 1989. Kile ambacho kingeweza kutolewa Julai kilitolewa Agosti, watu wakiwa wamekwisha kufa. Tatu, wanasayansi wenyewe. Mwezi Juni 1945 kundi la Chicago lililoongozwa na James Franck lilishauri bomu lionyeshwe kwanza jangwani au kwenye kisiwa kisicho na watu, mbele ya wajumbe wa mataifa. Wakubwa wao walijibu kwamba huenda lisilipuke, au Wajapani wasishtuke. Huenda. Lakini lingeshindwa, ni nini ambacho kingepotea kilichozidi watu 140,000 wanaokadiriwa kufa Hiroshima kabla ya mwaka kuisha, na 70,000 hivi wa Nagasaki?

Ni haki kusema pia kwamba hakuna anayeweza kuthibitisha kuwa Japani ingesalimu amri bila bomu. Asubuhi ya tarehe 9 Agosti baraza kuu la vita la Tokyo lilikutana likijua habari za Hiroshima na za Manchuria, na habari za Nagasaki ziliwafikia wakiwa kikaoni. Bado waligawanyika watatu kwa watatu, na ni Hirohito mwenyewe aliyekata shauri usiku ule. Katika hotuba yake ya redio ya tarehe 15 alilitaja bomu jipya la kikatili. Siku mbili baadaye, akiwaandikia askari wake, alitaja kuingia kwa Wasovieti na bomu hakulitaja. Mwanahistoria Tsuyoshi Hasegawa, katika kitabu alichotoa mwaka 2005, anaona pigo la Wasovieti ndilo lililokuwa na uzito zaidi, na wengine wanampinga. Mimi naona mabishano haya yanatosha kuonyesha jambo moja: hoja ya kwamba bomu pekee lilimaliza vita, ambayo ndiyo mhimili wa utetezi wote, haina uhakika unaodaiwa. Na aliyeua raia kwa makumi ya maelfu ndiye anayepaswa kuleta uhakika, si yule anayeuliza.

Kuna wanaosema kwamba madini ya Katanga yalitumika kwa nia njema, kwa sababu Hitler naye alikuwa akilitafuta bomu. Nia ya mwanzo siilaumu. Mwaka 1940 kuyaondoa madini yale mahali ambapo Wajerumani wangeweza kuyafikia lilikuwa jambo la busara. Lakini tarehe 8 Mei 1945 sababu hiyo ilikufa pamoja na utawala wa Hitler, na kazi haikusimama hata siku moja. Kamati iliyochagua shabaha ilitafuta miji mikubwa ambayo haikuwa imeharibiwa sana, ili nguvu ya bomu ionekane vizuri. Kyoto iliondolewa kwenye orodha kwa sababu Stimson aliithamini kwa historia na utamaduni wake. Asubuhi ya tarehe 9 Agosti ndege ilielekea Kokura, ikashindwa kuuona mji, ikaenda Nagasaki. Watu wa Kokura waliishi na wa Nagasaki wakafa kwa sababu ya moshi na mawingu. Tukifika hapo, maneno ya shabaha ya kijeshi na maisha yaliyookolewa yanakuwa hayana maana tena. Watu wa mji mzima wamegeuzwa kuwa kipimo cha nguvu ya silaha.

Hiki ndicho kinachomuunganisha mfanyakazi wa Likasi na mwanamke wa Hiroshima aliyekuwa njiani kwenda sokoni. Uchungu wao haulingani, na sitaki kuufananisha. Kinachofanana ni nafasi waliyopewa katika hesabu. Hesabu ya Stimson ilikuwa na safu ya askari wa Marekani. Raia wa Japani hawakuwa na safu ndani yake, na Mkongomani hakuwamo kabisa, wala kama mwenye mali, wala kama mtu wa kuugua. Ndiyo maana hesabu ile ilitoka rahisi. Hoja ya kumaliza vita kwa silaha kubwa daima hutoka rahisi mikononi mwa yule anayeamua nani ahesabiwe, na sisi wa Kongo, ambao mashariki ya nchi yetu vita havijatuacha kwa miaka 30 sasa, tunapaswa kuiogopa kuliko wengine. Hasira ya kutaka vita viishe kwa pigo moja ninaielewa. Ila pigo hilo huanguka juu ya mtu fulani, naye huwa hajaulizwa.

Baada ya vita, kuachwa nje kuliendelea kwa sheria na kwa fedha. Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946. Japani ilipitisha mwaka 1957 sheria ya kuwatibu walionusurika na mabomu. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalipa fidia waliodhuriwa na majaribio ya nyuklia pamoja na wachimbaji wake wa urani, wakiwemo Wanavajo wengi, dola 100,000 kwa mchimbaji aliyeugua. Jembe lao na la mchimbaji wa Shinkolobwe lilichimba kwa ajili ya mnunuzi mmoja wa mwisho, serikali ya Marekani. Lakini huyu wa Shinkolobwe hakuwekwa katika sheria yoyote. Kuna wanaojibu kwamba Kongo ilifaidika, na hutaja kinu cha utafiti wa nyuklia kilichowashwa Kinshasa mwaka 1959, cha kwanza Afrika. Kinu hicho kilikuwa heshima kwa chuo kikuu cha Lovanium. Mapafu ya mtu wa Likasi hayakupona kwa sababu yake.

Mgodi wenyewe ulifungwa kabla ya uhuru na mashimo yake kuzibwa kwa zege, lakini ardhi haikutulia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 maelfu ya wachimbaji wa mikono waliingia pale, safari hii wakitafuta kobalti. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kuufunga, na mwezi Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka, watu wanane wakafa. Anayejua njaa ya Katanga hawezi kuwashangaa. Mtu anayetafuta unga wa watoto wake hawezi kuzuiwa na kibao chenye picha ya fuvu, hasa kama hakuna aliyewahi kumweleza kwa lugha yake jiwe lile lina nini ndani.

Bado kuna mlango mmoja wa kubishia hodi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupiga marufuku silaha za nyuklia ulipitishwa tarehe 7 Julai 2017 na kuanza kufanya kazi tarehe 22 Januari 2021. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliutia sahihi na baadaye kuuridhia. Kifungu cha 6 kinazitaka nchi wanachama ziwasaidie watu walioathirika na matumizi au majaribio ya silaha hizo, na kusafisha mazingira yaliyochafuliwa nayo. Kusoma kifungu hicho Likasi kunaumiza, kwa sababu uchimbaji haumo. Mkataba ulioandikwa kwa nia njema kabisa, na watu walioguswa kweli na mateso ya Hiroshima, umerudia pengo lilelile la mwaka 1945: silaha inaanza kuwa na wahanga pale inapolipuka. Mwanachama yeyote anaweza kupendekeza marekebisho, na hakuna nchi duniani yenye sababu kubwa ya kufanya hivyo kuliko yetu. Serikali ya Kinshasa iombe neno "uchimbaji" liingizwe katika kifungu cha 6. Idai nyaraka za afya za wafanyakazi wa Union Minière, ambayo tangu 2001 inaitwa Umicore, zifunguliwe kwa watafiti wetu wa Lubumbashi na Likasi. Na ipime maji, udongo na watu wa vijiji vinavyozunguka Shinkolobwe, kisha isome matokeo hadharani kwa Kiswahili. Leo Wamarekani wanatoa fedha kufufua njia ileile ya reli ya Lobito ili shaba na kobalti yetu vifike baharini upesi. Kwa hiyo wajumbe wetu wana meza ya kukalia pamoja nao, na dai la Shinkolobwe linaweza kuwekwa juu yake kabla ya sahihi inayofuata.